Sinema za Kutisha na Katuni za Zamani: Tuzitazame kwa Jicho Gani?

Jua likizama katika miji ya mtoni, kuanzia Kisangani kushuka Yangambi hata kufika Isangi, mahali ambapo Lomami huingia katika mto mkubwa wa Kongo, kazi za mchana hutulia. Hapo ndipo penye jenereta au bamba la kukusanya nguvu za jua, televisheni huwashwa. Wakubwa huketi juu ya mabenchi, vijana husimama mlangoni, na watoto hupenya katikati ya miguu ya watu. Je, hutazama nini? Mara nyingi hutazama sinema zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, zenye wafu wanaotoka makaburini, majini, na wachawi warukao usiku. Baada ya hizo mtoto huomba katuni, na baba mtu hakatai, maana katuni zile zile zilimchekesha yeye alipokuwa mdogo.

Wazazi na wanafunzi hutuuliza: Je, yafaa kutazama mambo hayo? Wako wanaojibu upesi kwamba sinema zote za namna hiyo ni sumu, na nyumba yenye akili haina budi kuzifungia mlango. Wako na wengine wanaojibu upesi vile vile kwamba huo ni mchezo tu, wala mchezo haujamwua mtu. Sisi hatukubaliani na wale wala na hawa. Neno letu ni hili: sinema haiwi mbaya kwa sababu inatisha, wala haiwi mbaya kwa sababu ni maskini. Huwa mbaya inapoacha kusema kwamba ni hadithi, ikajifanya habari ya kweli, kisha ikamnyoshea kidole mtu aliye hai. Tuyatazame mambo yenyewe, moja moja, ili kila mtu apime.

MBOLOKO NA WENZAKE

Tuanze na katuni, kwa kuwa ndizo zipendwazo na wote. Wengi hudhani kwamba katuni zililetwa kwetu kutoka Ulaya na Marekani tu. Sivyo. Katika miaka ya 1950 Padri Alexandre Van den Heuvel, wa shirika la Scheut, alitengeneza huko Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, katuni zilizoitwa kwa Kifaransa "Les Palabres de Mboloko". Mboloko ni yule paa mdogo wa msituni, ambaye katika hadithi za wazee huwashinda wanyama wenye nguvu kwa akili zake, kama Sungura afanyavyo katika hadithi za watu wa pwani. Kazi hiyo ilikuwa ya uvumilivu mkubwa, maana sekunde moja tu ya sinema hupitisha picha 24 mbele ya macho.

Wakati ule ule, huko Luluabourg, ambao leo ni mji wa Kananga, Padri Albert Van Haelst, naye wa Scheut, alitengeneza sinema za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Mmoja alikuwa mnene na mwenziwe mwembamba, kwa mfano wa wachekeshaji wa Marekani, Laurel na Hardy. Wazee walioziona utotoni wangali wakiyataja majina hayo mawili kwa kicheko, na mwaka 1996 Tristan Bourlard, Mbelgiji, alitengeneza filamu nzima ya kuwakumbuka Matamata na Pilipili pamoja na mapadri waliokuwa wakipiga sinema.

Tukizipima leo kazi hizo za zamani, twaona mema na mapungufu. Mema yake ni kwamba ziliwachukua paa, kobe na chui wa msitu wetu zikawapandisha juu ya shuka nyeupe, ambapo hapo awali walionekana wageni tu. Mapungufu yake ni kwamba aliyeshika kamera na kuamua Mkongomani acheke nini alikuwa mtu wa Ulaya, na mara nyingi aliwahesabu watazamaji wake wote, hata wenye mvi, kuwa ni watoto. Mtu anayekumbuka utoto wake hukumbuka utamu, akasahau mengine. Hakuna kosa kuupenda utamu huo. Ila tusiseme kwamba kila cha zamani kilikuwa chema kwa kuwa tu sisi tulikuwa wadogo.

Kazi hiyo haikukoma. Mwaka 1991 Mkongomani Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto alitoa katuni iitwayo "Le Crapaud chez ses beaux-parents", yaani chura aliyekwenda ukweni, hadithi aliyoichota kwa watu wake Watetela. Mwaka uliofuata akatoa nyingine, "Kinshasa, septembre noir", inayosimulia uporaji uliotokea katika mji mkuu mwezi wa Septemba 1991. Hapo twajifunza kwamba picha za kuchora zaweza kubeba hata msiba wa nchi. Na huko Dar es Salaam, tangu mwaka 2014, katuni za "Ubongo Kids" zimekuwa zikiwafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili, kwa nyimbo na hadithi.

Lakini katuni ijulikanayo kuliko zote labda ni ile ya paka na panya, Tom na Jerry, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1940 na William Hanna na Joseph Barbera. Maneno yake ni machache mno, ndiyo maana mtoto wa Kitopoke na mtoto wa Kichina hucheka mahali pamoja. Hebu tuangalie: paka hupigwa kwa pasi, akawa bapa kama chapati, kisha akasimama na kuendelea kumkimbiza panya. Je, umepata kumwona mtoto wa miaka sita akimpiga paka wa nyumbani kwa pasi, akingoja asimame? Huenda yuko mmoja katika elfu. Wengine wote wanajua kwamba ile ni hadithi, kwa sababu picha yenyewe imechorwa, wala haijifichi. Katuni huvaa nguo ya hadithi tangu mwanzo hata mwisho. Ndiyo sababu hatuiogopi.

MTO WETU ULIOPEWA JINA LA MTO MWINGINE

Sasa tuendelee na sinema zinazopigwa kwa watu wa kweli, katika mahali pa kweli. Hapo hadithi huanza kujificha kidogo, nasi watu wa Tshopo tunao mfano wake hapa hapa nyumbani.

Mwaka 1951 mwongozaji wa Marekani, John Huston, alikuja na mafundi wake katika msitu wa Ponthierville, mji uitwao leo Ubundu, juu ya mto kutoka Kisangani. Walijenga kambi mahali paitwapo Biondo, karibu na mto Ruiki, wakapiga sehemu kubwa ya sinema "The African Queen". Humphrey Bogart na Katharine Hepburn ndio waliokuwa wakuu wa mchezo. Bogart alipewa kwa kazi hiyo tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora, na hata leo sinema hiyo hutazamwa na watu ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka.

Lakini mtu akiitazama hatasikia jina la Ruiki wala la Kongo. Hadithi yenyewe yasimulia mambo ya mwaka 1914 katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, na mto wake umepewa jina la Ulanga. Tena sehemu nyingine zilipigwa Uganda. Na pale waigizaji wanapoonekana wamezama majini hata kifuani, wakikokota mashua, watazamaji wakihurumia afya zao, maji yale hayakuwa ya Afrika: yalikuwa katika tangi la kiwanda cha sinema huko Uingereza, kwa kuwa wakubwa wa kazi waliogopa magonjwa ya mto.

Je, huo ni uongo? Si uongo wa kumdhuru mtu. Ni kama msimulizi anayesema, "Paa akamwambia chui." Kila msikilizaji anajua kwamba paa hasemi. Lakini mfano huu watufundisha neno kubwa: hata jani la mti unaloliona kwa macho yako kwenye sinema laweza kuwa limewekwa pale kwa makusudi. Mto waweza kuwa mto mwingine. Mtazamaji mwenye akili hufurahi, na papo hapo hukumbuka kwamba nyuma ya kamera yuko mtu aliyechagua.

UMASKINI SI AIBU

Wasomaji wengine watasema: "Hao walikuwa na fedha nyingi. Lakini hizi sinema tuzionazo vijijini ni takataka. Damu yake ni rangi, na bunduki zake ni mbao." Tusiwe wepesi wa kudharau. Fundi maskini mwenye bidii anastahili heshima kuliko tajiri mvivu.

Katika mtaa wa Wakaliga, mjini Kampala, Isaac Nabwana alianzisha mwaka 2005 kazi ya sinema aliyoiita Ramon Film Productions. Alipokuwa mtoto alizijua sinema kwa kusimuliwa na kaka zake waliozitazama. Baadaye alijifunza kazi, akakusanya vipuri vya kompyuta, akaunda mashine zake mwenyewe. Majirani wakawa waigizaji, na mafundi vyuma wakaunda silaha za bandia. Mwaka 2010 alitoa "Who Killed Captain Alex?", iliyomgharimu dola zisizofika 200. Leo ina wapenzi katika Marekani na Ulaya, ambao hucheka, na baada ya kucheka hushangaa jinsi kitu kingi kilivyotoka katika mkono mtupu. Tena nakala iliyosalia inayo sauti ya msimulizi, VJ Emmie, ambaye hutaniana na watazamaji, hutangaza yanayokuja, na kuwacheka hata waigizaji wenyewe. Desturi hiyo ya msimulizi katika nyumba za video, iliyo maarufu Uganda na Tanzania, twaisifu. Kwa nini twaisifu? Kwa sababu mtu anayecheka na kueleza huku sinema ikiendelea humkumbusha kila mmoja kwamba hii ni hadithi.

Marekani nako, mwaka 1968, George Romero na rafiki zake karibu na mji wa Pittsburgh walitengeneza "Night of the Living Dead" kwa dola kama 114,000, fedha ambazo katika sinema za nchi hiyo ni kidogo sana. Ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, basi damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti. Yasimulia wafu wanaoinuka na kuwala walio hai. Shujaa wake ni mtu mweusi, aliyechezwa na Duane Jones, jambo lililokuwa adimu wakati ule. Mtu huyo anapigana usiku kucha, anaokoka na wafu wote. Asubuhi wanakuja watu wenye bunduki waliotumwa kuokoa. Wanamwona dirishani kwa mbali, wanadhani naye ni mmoja wa wafu, wanampiga risasi. Hivyo ndivyo inavyokwisha. Mtazamaji anayefikiri huondoka akijua kwamba jambo la kutisha kuliko yote katika hadithi ile halikuwa maiti, bali watu wazima walioshikwa na hofu hata wasiweze kumtambua mwenzao.

Hata yule mfu anayetembea, ambaye dunia nzima humwita zombi, ana habari inayotugusa. Wataalamu wengi hulihusisha neno hilo na lugha za Kongo ya Chini na nchi jirani, ambako watumwa walichukuliwa wakavushwa bahari hadi Haiti. Huko Haiti zombi hakuwa mla watu. Alikuwa mtu aliyefufuliwa ili afanye kazi ya shamba bila kukoma, asiye na nia yake mwenyewe, asiyeruhusiwa hata kupumzika kaburini. Ni nani angeweza kubuni hofu kama hiyo ila mtumwa? Basi hadithi ya kutisha yaweza kuwa kilio cha watu walioonewa. Haifai kuitupa kabla ya kuisikiliza.

HADITHI INAYOJIFANYA HABARI

Sasa tufike mahali ambapo twaweka mpaka.

Mwaka 1999 ilitolewa Marekani sinema iitwayo "The Blair Witch Project". Ilitengenezwa kwa fedha kidogo sana na vijana waliobeba kamera wenyewe msituni katika jimbo la Maryland, ikaingiza dola karibu milioni 250. Ujanja wake ulikuwa huu: watu waliambiwa kwamba ni picha za kweli, zilizookotwa baada ya wanafunzi watatu kupotea. Matangazo ya kuwatafuta waliopotea yalibandikwa. Wengi waliamini. Mama wa mwigizaji mmoja aliletewa kadi za rambirambi ingawa binti yake alikuwa mzima, na wageni walifurika katika kijiji cha Burkittsville kumtafuta mchawi, hata wakaiba vibao vyenye jina la kijiji. Watu hao walikuwa wamesoma. Basi asitokee mtu wa kusema kwamba kudanganyika na sinema ni ugonjwa wa Mwafrika.

Huko Marekani mambo yaliishia katika vibao vilivyoibwa. Mahali pengine hofu isiyokumbushwa kuwa ni hadithi imemwaga damu. Mwaka 1995 kisiwani Pemba, kisha Unguja, zilienea habari za Popobawa, pepo asemekaye kuwavamia watu usiku. Watu wazima waliacha vitanda vyao, wakalala nje makundi makundi kuzunguka moto. Mjini Zanzibar mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili, aliyetoka bara, alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akapigwa na umati hata kufa. Hapakuwa na sinema pale mwanzoni. Palikuwa na uvumi tu. Baadaye Popobawa alitengenezewa filamu Tanzania, nchi ambayo tangu miaka ya 2000 imetoa filamu nyingi za majini na mizimu, kama zile za Mussa Banzi, "Nsyuka" na "Shumileta". Wengi hukaa chini wakitetemeka na kucheka, kisha huenda kulala. Tazama tofauti: uvumi uliosemwa kuwa ni kweli ulimwua mtu; filamu yenye majina ya waigizaji mwishoni ilitisha watu, ikawaacha waende zao.

Sasa turudi nchini kwetu. Tangu miaka ya 1990, vituo vya televisheni vilipoongezeka Kinshasa, vingi vyake vikiwa vya makanisa ya uamsho, imezidi michezo ya namna moja. Familia ina matatizo: baba amepoteza kazi, mtoto mchanga anaugua, mama hazai. Chanzo ni nini? Mchezo waonyesha kwamba yuko mchawi, au ndoki kama wengi hapa wasemavyo, amejificha ndani ya nyumba. Mara ni bibi mzee, mara ni mtumishi, mara ni mtoto. Mhubiri anakuja, mchawi anafichuliwa, nyumba inapona. Michezo hiyo hutengenezwa kwa fedha kidogo, na kwa umaskini huo hatuilaumu. Twailaumu kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba ni ushuhuda wa mambo yaliyotokea, na watazamaji hufundishwa kwamba mambo ya nyumbani mwao yako hivyo hivyo.

Hapo ndipo mchezo huacha kuwa mchezo. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wa barabarani katika miji ya Kongo, likaeleza jinsi wengi wao walivyoshtakiwa uchawi na jamaa zao wenyewe, wakapigwa, wakanyimwa chakula, wakafukuzwa. Ni watoto gani hao? Mara nyingi ni yatima waliopokelewa na shangazi au mama wa kambo, walemavu, wenye kifafa, wanaokojoa kitandani, wenye kimya kingi au wenye akili nyingi kupita umri wao. Hatusemi kwamba sinema peke yake ndiyo iliyowafukuza. Umaskini upo, vita vilikuwapo, vifo vya wazazi vilikuwapo, na imani hizo ni za kale kuliko televisheni. Lakini jamaa iliyo na msiba hutafuta sababu, na jioni kwa jioni huonyeshwa sababu ile ile, yenye uso wa mtoto.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, imekataza kumshtaki mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, yamwadhibu mwenye kumshtaki mtoto hivyo kwa kifungo cha mwaka mmoja hata mitatu, pamoja na faini. Kila mzazi, kila mwalimu na kila mchungaji ajue kwamba neno hilo, litamkwapo juu ya mtoto, ni kosa mbele ya hakimu.

KUKATAZA HAKUTOSHI

Basi, tuzikataze? Nchi yetu imekwisha jaribu njia hiyo. Mwaka 1945 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri kwamba Mkongomani asiruhusiwe kutazama sinema isipokuwa ile iliyokubaliwa na kamati ya wakaguzi. Walidhani kwamba mtu mweusi hawezi kutenganisha picha na kweli. Matokeo yake yalikuwa nini? Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walizipenda sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani kuliko kitu kingine chochote. Walivaa kofia na leso kama wao, wakajiita Bills kwa jina la Buffalo Bill, wakaunda na lugha yao iitwayo Hindoubill. Mambo yao mengine yalikuwa ya ukorofi mkubwa, hasa kwa wasichana, wala hatuwasifu kwa hayo.

Wakubwa wengi waliwalaani tu. Lakini padri mmoja wa Scheut, Joseph de Laet, alikwenda kukaa katikati yao, akajifunza maneno yao, akacheza na kuzungumza nao, hata wenyewe wakampa jina la Père Buffalo. Hakuwaambia kwamba sinema zao hazipo. Alisimama kando yao walipozisimulia. Twaona kwamba padri huyo aliifahamu kazi kuliko kamati nzima ya wakaguzi. Sinema iliyofungiwa mlango wa mbele huingia kwa dirisha, na siku hizi dirisha hilo ni simu ndogo iliyo mkononi mwa kijana, ambayo mzazi hawezi kuikagua mchana na usiku.

NGOMA YA WALOKELE

Wazee wa mto huu wametuachia mfano ulio bora kuliko amri yoyote. Walokele, wanaokaa kando ya maji kuanzia Yakusu hata Isangi, walikuwa na ngoma ya gogo lililotobolewa, iliyopeleka habari kutoka kijiji hata kijiji. John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyekaa Yakusu, aliichunguza, akatoa kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma haisemi herufi. Husema sauti ya juu na sauti ya chini tu. Basi maneno mengi hufanana. Neno la mwezi na neno la kuku, kwa mfano, hupigwa sawasawa. Mpiga ngoma hufanyaje ili watu wasikosee? Hatupi neno moja peke yake. Akitaja mwezi huongeza maneno ya kuonyesha kwamba wautazama ulimwengu kutoka juu. Akitaja kuku huongeza habari za mlio wake. Kwa kuongeza maneno, msikilizaji aliye mbali hupata habari bila kupotea.

Sinema ni ngoma ya namna hiyo. Picha peke yake hufanana na kweli, kama mwezi na kuku wanavyofanana katika gogo. Panatakiwa maneno ya kuongeza, na kazi ya kuyaongeza ni yetu sisi tuliokaa karibu na mtoto. Basi twatoa mashauri haya.

Wazazi, msiwaache watoto wadogo mbele ya sinema za kutisha bila mkubwa. Nanyi mkikaa nao, msikae kimya. Ulizeni: Nani ametengeneza hii? Damu ile ni nini? Mtu yule aliyekufa, jina lake si limeandikwa mwishoni, naye si amekwenda kula chakula cha jioni? Mtoto akicheka, hofu yake imepata mahali pa kukaa. Mtoto akilia usiku, msimkaripie. Wasimulieni tena ile hadithi, kwa sauti ya nyumbani. Na mchezo ukisema, "Haya ni kweli, na mchawi ni mtoto," hapo msiogope kuzima televisheni mbele ya wageni, na kueleza kwa nini.

Walimu na wanafunzi, jaribuni kutengeneza hadithi yenu wenyewe. Leo simu moja hupiga picha, na mkaa hupaka uso wa mzimu. Kijana aliyewahi kumpaka mwenziwe masizi ili awe mfu, akamwona akipiga chafya katikati ya mchezo, hatadanganywa upesi na mfu wa mtu mwingine. Mnao mboloko, mnao chui, mnayo mizimu ya mtoni ambayo babu zenu waliisimulia kando ya moto. Nyingi za hadithi hizo hazijapigwa picha bado. Kwa nini zingoje mgeni?

Nanyi mnaoonyesha sinema kwa fedha, mnayo madaraka. Msimulizi wenu aseme tangu mwanzo, kwa sauti ya kusikika hata kwa yule aliyesimama dirishani: "Hii ni hadithi." Maneno matatu hayapunguzi wateja.

Katika nyumba nyingi za mto huu yuko mtoto aliyepokelewa, asiye na baba wala mama, anayekaa nyuma kabisa ya wengine televisheni inapowashwa. Mchezo ukisha na taa kuwashwa, macho ya jamaa yasimgeukie yeye. Aitwe mbele, apewe nafasi kwenye benchi, naye acheke pamoja na wenziwe yule paka anaposimama tena.